Fulusi

Neno fulusi siku hizi tunalisikia kwa wazee na katika mashairi kuliko sokoni. Tulilipata kwa Waarabu, wanaosema fals, wingi wake fulus. Nao walilitoa kwa Warumi, ambao sarafu yao ya shaba iliitwa follis. Mwaka 498 mfalme wao Anastasius wa Constantinople alizipanga upya sarafu hizo. Ukiishika moja utaona herufi kubwa M, ambayo kwa hesabu ya Kigiriki ni 40: thamani yake ni sarafu 40 ndogo kabisa zilizoitwa numi. Yenye K ni 20, yenye I ni 10. Mkusanyaji akizijua herufi hizo tatu, amekwisha kujua kuzihesabu.

Masultani wa Kilwa nao walifua fulusi zao za shaba, na maandishi ya upande mmoja yakawa na vina sawa na ya upande wa pili. Hilo hunifurahisha mno: Mswahili alitia vina hata kwenye sarafu!

Huku Golbanti, ambako misheni ya Wamethodisti ilianza miaka ya 1880, shaba ya enzi hizo ni pesa ya mwaka 1888 ya Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, yenye mizani na jina la Mombasa. Pesa 64 zilikuwa rupia moja.

Ndugu msomaji wa Golbanti na Garsen, ukiikuta sarafu kuukuu kashani mwa bibi, usiisugue kwa ndimu wala mchanga. Utafuta maandishi yanayoitambulisha. Ihifadhi ilivyo, uwaonyeshe watu wa makumbusho.