Muscat: Safari ya mbali huanzia kituo cha basi

Muscat, mji mkuu wa Oman, hauna treni ya chini ya ardhi wala reli ya abiria ya kwenda mikoani.

Kwa hiyo msafiri asiye na gari anayekwenda Nizwa, Sur au Salalah hushuka basi la mjini na kupanda la masafa marefu.

Vituo viwili

Mji huo umejinyoosha kati ya bahari na milima, na mabasi mengi ya mjini hufuata barabara kuu ya Sultan Qaboos.

Yanaendeshwa na shirika la Mwasalat, lililoundwa mwaka 1972 kama Shirika la Taifa la Usafiri la Oman. Lilipata jina lake la sasa mwaka 2015, na mwaka huohuo likafufua usafiri wa mjini kwa njia ya Ruwi hadi Mabela.

Kabla ya hapo, wakazi wengi walitegemea teksi nyeupe zenye rangi ya machungwa na mabasi madogo.

Vituo muhimu vya kubadilishia basi ni Ruwi, mtaa wa biashara, na Azaiba, karibu na uwanja wa ndege. Umbali kati yake ni karibu kilomita 20, hivyo anayekosea kituo huweza kuachwa na basi.

Hasara hiyo si ndogo. Salalah iko takriban kilomita 1,000 kusini, mwendo wa saa 12 hivi kwa basi.

Mabasi ya Abu Dhabi, yaliyorejeshwa Oktoba 2023, na ya Sharjah, yaliyoanza Februari 2024, yalipangiwa kituo cha Azaiba. Abiria wake hukaguliwa pasipoti mpakani.

Ndoto ya reli

Mwaka 2009 nchi za Ghuba zilikubaliana kujenga reli ya zaidi ya kilomita 2,000 kutoka Kuwait hadi Muscat. Bei ya mafuta ilipoporomoka, Oman ilisimamisha mradi wake mwaka 2016.

Matumaini yalirejea Septemba 2022, Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu zilipoafikiana kuunganisha bandari ya Sohar na Abu Dhabi. Mradi huo, unaoitwa Hafeet, una urefu wa kilomita 238, na treni za abiria zimepangwa kutumia dakika 100.

Hata hivyo, Sohar iko kilomita 200 hivi kaskazini-magharibi ya Muscat.

Hali hiyo si ngeni Afrika Mashariki. Treni ya Mombasa, iliyozinduliwa mwaka 2017, huishia Syokimau, nje ya kitovu cha Nairobi, na abiria huhitaji usafiri mwingine kufika katikati ya jiji.

Mpaka reli itakapofika Muscat kwenyewe, abiria wa mji huo atalazimika kwanza kupanda basi ili kuifuata treni Sohar.