Mbao mbichi, kasoro zake na viungo vya samani

Sehemu kubwa ya mbao zinazotengenezewa vitanda, meza na milango katika eneo la Kibugu, Kaunti ya Embu, haitoki msituni bali mashambani. Katika miteremko hiyo ya Mlima Kenya, mgrivea, ambao wenyeji huuita mukima, hupandwa mipakani na katikati ya kahawa na majani chai. Asili yake ni mashariki mwa Australia, na uliletwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni ili kuipa mimea hiyo kivuli. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mnamo Februari 2018, mafundi walizidi kuutegemea.

Mgrivea ukipigwa randa hutoa madoadoa yanayong'aa, na fundi stadi hujivunia kuyaonyesha mlangoni. Msaiprasi hauna urembo huo, lakini mbao zake ni nyepesi, zimenyooka na hufaa paa. Muuru, mti wa asili ya eneo la Mlima Kenya, ndio unaopendelewa kwa samani za thamani. Bei yake pia ni ya aina hiyo.

Tatizo la mgrivea ni haraka ya binadamu. Mti huangushwa Jumatatu, ukapasuliwa papo hapo shambani kwa msumeno wa nguvu, na kabla ya mwezi kwisha umekuwa kabati. Ubao huanza kusinyaa maji yake yanaposhuka chini ya takriban asilimia 30 ya uzito wa mti mkavu. Kwa urefu hausinyai kwa kiasi cha kutajika. Kwa upana, ubao wa inchi 10 waweza kupungua zaidi ya robo inchi. Hapo ndipo mlango uliofunga barabara dukani huachia mwanya nyumbani, na mwenye nyumba, aliyelipa fedha zake zote, huanza kumtafuta fundi.

Kusinyaa huko hakuko sawa pande zote. Kufuata pete za mti, ubao hupungua karibu maradufu ya unavyopungua kutoka kiini kuelekea ganda. Kwa hiyo ubao uliopasuliwa ubavuni mwa gogo hujikunja kama kigae, nao uliobeba kiini hupasuka katikati. Ule ambao nyuzi zake zimezunguka husokoteka. Huo haunyooshwi kwa misumari.

Dawa ni subira. Mbao hupangwa chini ya paa, juu ya magogo yasiyogusa ardhi, zikitenganishwa kwa vijiti vya unene mmoja vilivyopangwa wima kimoja juu ya kingine, na ncha zake hupakwa rangi ili zisikauke upesi na kupasuka. Mbao za inchi moja huhitaji miezi kadhaa. Asiye na kipimo cha unyevu achague kipande kimoja na kukipima kwa mizani kila wiki: uzito ukikoma kupungua, mbao ziko tayari.

Mnunuzi wa sita kwa moja au mbili kwa nne na ainue ubao, aulenge kwa jicho moja kutoka ncha hadi ncha. Kifundo kidogo kilichoshikamana si hoja. Cheusi kinachotikisika kitadondoka na kuacha tundu. Unga laini chini ya vitundu vidogo ni kazi ya bungua, ambao hupenda hasa sehemu nyeupe iliyo karibu na ganda.

Kuhusu viungo, msumari peke yake ndio dhaifu kuliko vyote, hasa ukipigwa katika ncha ya ubao, ambako hauna cha kushika. Miguu ya kitanda na fremu za milango hutaka ulimi na tundu: ulimi huchongwa kwa theluthi moja ya unene wa mti, ukaingia kwa kubana kidogo na kutiwa gundi. Gundi ya kawaida ya mbao haishiki vyema penye unyevu, nao ulimi mbichi hulegea tunduni unapokauka.

Ubao mpana wa katikati ya mlango, kinyume chake, hautiwi gundi kabisa. Huachwa huru ndani ya mfereji wa fremu ili upanuke wakati wa masika na kusinyaa wakati wa kiangazi. Fundi anayeugundisha kwa kudhani anauimarisha ndiye anayeupasua.