Uso Usioona Aibu: Mwezi Mpevu katika Masimulizi ya Bonde la Ufa

Katika maelezo mengi ya siku hizi, hasa yanayowalenga watalii, mwezi wa Wamaasai umefanywa mungu wa kike, mke wa Enkai, Mungu wa Wamaasai, anayependeza zaidi usiku anapokamilika. Makala hii inalipinga dai hilo. Simulizi ya jua na mwezi iliyochapishwa na A. C. Hollis mwaka 1905 katika The Masai haina mungu huyo, na mwezi uliomo si mkamilifu: ni majeruhi.

Jua, yasema simulizi hiyo, alimwoa Mwezi. Siku moja wakapigana, kila mmoja akamwumiza mwenzake. Jua akaona aibu watu wasije wakauona uso wake ulivyopondeka, akawaka kwa ukali hata asitazamike ila kwa kukunja macho. Mwezi hakuona aibu, ndiyo maana tunamtazama tukaona mdomo uliopasuka na jicho moja lisilokuwapo. Tangu hapo huenda njia moja, Mwezi akitangulia. Akichoka, Jua humfikia, humbeba siku mbili, na siku ya tatu humwacha mahali anapotua. Siku ya nne punda humwona wakalia. Watu na ng'ombe humwona siku ya tano.

Anayeamka alfajiri mjini Nakuru akatazama mashariki, upande wa Bahati, ataona jambo hilohilo. Mwezi unaopungua huchomoza kabla ya jua, na kila siku nafasi kati yao hupungua hadi umezwe na mwanga. Siku chache baadaye huandama magharibi, juu ya Mau. Msimulizi aliyekuwa makini hivyo kuhusu mwezi usioonekana hakuzembea alipoueleza uso wake. Mabaka yake hudhihirika yote kwa pamoja unapopevuka, ukichomoza jua likitua. Usiku huo ndio unaoikamilisha hoja ya simulizi.

Huenda simulizi hii ikachukuliwa kuwa kalenda tu. John Mbiti (1969), mwanazuoni wa dini za Kiafrika, alishikilia kwamba Waafrika waliihesabu miezi kwa matukio, si kwa tarakimu. Kuhusu kalenda, sina ugomvi naye. Lakini kalenda haina haja ya aibu, na simulizi hii bila aibu haisimami. Hata ile ya Wanandi, aliyoichapisha Hollis mwaka 1909, ambamo mbwa anawatangazia watu kifo na mwezi peke yake unabaki na haki ya kurudi hai, haisifu ukamilifu.

Wapo watakaosema Hollis alikuwa ofisa wa kikoloni. Ni kweli, ila ofisa hakuwa na sababu ya kubuni punda. Wapo pia watakaosema Nakuru si ya Wamaasai. Hao wanasahau mkataba wa mwaka 1904, uliowaondoa katika malisho ya Naivasha na Nakuru ili kuwapisha walowezi.

Uzuri wa mwezi mpevu katika bonde hili, basi, haujawahi kuwa uzuri wa kisicho na doa. Walimu wa fasihi simulizi waifundishe simulizi hii kama ilivyosimuliwa, pamoja na punda wake, kabla ya kuipamba kwa miungu.