Neno «Kipaimara» na Mafundisho ya Vijana wa Msangano

Bonde la Msangano liko katika wilaya ya Momba, mkoa wa Songwe, kati ya nyanda za juu za Ufipa na zile za Mbozi. Ni nchi ya Wanyamwanga, ambao ndugu zao wengine wakaa ng'ambo ya mpaka, katika Zambia. Huko Msangano, kama katika parokia nyingine za Tanzania, kijana Mkatoliki aliyekwisha kupokea Komunyo ya kwanza huitwa tena kwenye mafundisho, ajitayarishe kwa Kipaimara. Siku ile ipitapo, mara nyingi husikika mzazi akisema: «Mwanangu amemaliza.» Neno hilo yatupasa kulichungua, kwa maana halipatani na jina la sakramenti yenyewe, wala na historia yake.

Tuanze na jina. «Kipaimara» limeungwa kwa maneno mawili, -pa na imara, nalo lafuata kwa maana neno la Kilatini confirmatio, yaani kuimarisha. Muundo wake si mgeni kwa Waswahili. Wanayo maneno kama kifungua kinywa na kiinua mgongo. Tena wanalo kipa mkono, yaani zawadi ambayo bwana arusi humpa bibi arusi wakutanapo. Katika maneno hayo yote, ki- huonyesha kitu kitendacho kazi iliyotajwa. Basi Kipaimara ndicho kimpacho mtu uimara. Katika shina lile lile la -pa limetoka neno «paji», na ndiyo maana Wakatoliki husema mapaji saba ya Roho Mtakatifu: hekima, akili, shauri, nguvu, elimu, ibada na uchaji wa Mungu. Lugha yenyewe yashuhudia kwamba kijana huja kupewa. Na apewaye mbegu hajamaliza kulima.

Sasa tutazame historia. Hapo kale Ubatizo, mpako wa Krisma na Ekaristi vilitolewa pamoja katika ibada moja. Makanisa ya Mashariki yameishika desturi hiyo hata leo, na mtoto mchanga hupakwa Krisma siku ile ile ya kubatizwa. Katika Kanisa la Roma mpako uliwekwa mikononi mwa askofu. Waamini walipozidi na kuenea mashamba ya mbali, askofu mmoja hakuweza kuwapo katika kila Ubatizo. Ikawa watoto wabatizwa na padre, kisha wamngoja askofu apite. Hivyo muda ulio kati ya Ubatizo na Kipaimara ulitokana kwanza na urefu wa njia.

Katika nchi zetu njia zilikuwa ndefu kupita kiasi. Wamisionari wa Afrika, shirika lililoanzishwa na Lavigerie huko Algiers mwaka 1868, walishika Karema, pwani ya ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Askofu Adolphe Lechaptois aliongoza Vikarieti ya Tanganyika tangu 1891 hata 1917, nchi kubwa. Kwa kanuni ya Lavigerie, mtu mzima alifundishwa miaka minne kabla ya kubatizwa. Mwaka 1932 ikaanzishwa Misioni ya Tukuyu. Mwaka 1938 ikawa Prefektura, mwaka 1949 Vikarieti ya Mbeya, na mwaka 1953 Jimbo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimruhusu hata Prefekti asiye askofu kutoa Kipaimara katika eneo lake, kwa mafuta yaliyowekwa wakfu na askofu. Ruhusa hiyo yaonyesha jinsi Kanisa lilivyojua taabu ya kungoja.

Mwaka 1910 Papa Pius wa Kumi aliagiza watoto wapokee Komunyo wapatapo akili, yapata miaka saba. Tokeo lake, mahali pengi Komunyo ilitangulia na Kipaimara kikabaki nyuma, hata kikaonekana kuwa sakramenti ya vijana. Lakini sheria ya mwaka 1983 nayo yataja umri wa kupambanua mema na mabaya, isipokuwa Baraza la Maaskofu liamue umri mwingine. Tena sheria ya 1917 ilitaka msimamizi wa Kipaimara awe mtu mwingine, si yule wa Ubatizo. Ile ya 1983 yapendelea awe yule yule, ili ionekane kwamba kazi ni moja.

Wazee wakumbuka pia kofi dogo ambalo askofu alimgusa kijana shavuni. Mwalimu aliwaambia kwamba sasa ni askari wa Kristo, na watoto waliliogopa siku nyingi kabla. Ibada iliyotengenezwa upya mwaka 1971 haikuliweka kofi hilo. Mpako wa Krisma katika paji la uso ulibaki kuwa kiini.

Wako wanaokiita Kipaimara jando la Wakristo. Mfano huo wapotosha. Huko Masasi, Vincent Lucas, askofu wa Kianglikana tangu 1926 hata 1944, alilitengeneza jando kwa sala za Kikristo. Lakini hilo lilibaki jando, na Kipaimara kikabaki Kipaimara. Jando humtoa mtoto utotoni. Kipaimara huthibitisha neema ya Ubatizo, awe mtoto au mzee.

Mwalimu wa Msangano na alikumbuke jambo hili. Wengi wa vijana wake huenda Tunduma, mji wa mpakani wenye malori na biashara ya kila namna. Huko hakuna mtu atakayewauliza maswali ya katekisimu. Wakiwa wamefundishwa kwamba wamemaliza, watakiweka Kipaimara pamoja na cheti chake sandukuni. Wakiwa wamefundishwa maana ya jina, watajua kwamba walipewa kitu, nacho chapaswa kutumiwa.