Ushindani wa Wenye Mali na Mpaka wa Futuhi ya Mapenzi: Mfano wa Shetani Msalabani

Futuhi ya mapenzi, tangu zamani, imejengwa juu ya kikwazo. Wapendanao huzuiwa na wazazi, na tabaka au na kiburi chao wenyewe. Kikwazo huondolewa, na hadithi hufungwa kwa arusi. Katika karne ya 20 kikwazo hicho kilihamia sokoni. Tamthilia ya Miklós László, Parfumerie (1937), iliwaweka wapendanao dukani. Ernst Lubitsch akaitolea filamu mwaka 1940. Na mwaka 1998, katika You've Got Mail, Nora Ephron akawafanya wenye maduka hasimu ya vitabu, wanaoandikiana kwa kompyuta bila kujuana. Duka dogo la mwanamke linafungwa kwa kulemewa na duka kubwa la mwanamume. Hata hivyo, mwanamke anampenda aliyemshinda. Hadhira hutakiwa kulisamehe soko kwa ajili ya mapenzi.

Makala haya yanadai kuwa msamaha huo hauwezekani kila mahali, na kwamba riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Shetani Msalabani, inaonyesha sababu yake. Ngũgĩ aliiandika kwa Kigĩkũyũ kwenye karatasi za msalani akiwa kizuizini Kamiti, upande wa Ruiru, mnamo 1978. Ilichapishwa mwaka 1980 kwa jina la Caitaani Mũtharaba-inĩ. Nakala 5,000 za kwanza zilimalizika kwa muda wa mwezi mmoja hivi, na watu wakawa wakisomeana majumbani na vilabuni. Tafsiri ya Kiswahili ilifuata mwaka 1982. Wasomaji hao hawakuvutwa na mafunzo ya siasa peke yake. Walivutwa pia na kicheko.

Kicheko hicho hutoka katika mashindano. Katika pango la Ilmorog, mji wa kubuni, matajiri hupanda jukwaani mmoja baada ya mwingine mbele ya wageni kutoka nchi za kibepari, kila mmoja akijinadi kuwa hodari wa wizi. Hoja zao ni za wavumbuzi. Gĩtutu wa Gataangũrũ anawazia kuuza udongo na hewa katika vyombo. Kĩmeendeeri wa Kanyuanjii anapanga mitambo ya kufyonza jasho, damu na akili za wafanyakazi na kuzisafirisha kwa mabomba. Nditika wa Ngũũnji anataka kiwanda cha viungo vya binadamu, ili tajiri awe na midomo miwili na mioyo miwili. Tashtiti hii imetangulia wakati wake: lugha ya uvumbuzi inatumika kukipa kitu cha kale, yaani unyonyaji, sura ya maendeleo.

Ndani ya mashindano hayo imepandwa hadithi ya mapenzi. Jacinta Warĩĩnga, aliyefukuzwa kazi kwa kumkataa Bosi Kĩhara, anakutana safarini na Gatuĩria, msomi wa muziki na utamaduni. Baadaye Warĩĩnga anasomea uhandisi na kufanya kazi katika gereji ya ushirika. Masharti yote ya futuhi yametimia: vijana wamependana, mwanamke amepata ufundi, arusi inakaribia. Ndipo kiwanja cha gereji kinapouzwa kwa Bosi Kĩhara na wenzake wa kigeni ili wajenge hoteli ya watalii. Hili ni duka dogo la Ephron kwa sura nyingine. Lakini Ngũgĩ hakubali lifungwe kwa tabasamu.

Siku ya kutambulishwa kwa wakwe, Warĩĩnga anagundua kwamba baba yake Gatuĩria ndiye mzee aliyempa mimba na kumtelekeza alipokuwa mwanafunzi. Anampiga risasi. Mhakiki anaweza kuiona sadfa hii kuwa ya kulazimishwa. Hata hivyo, sadfa na utambuzi ni nyenzo halali za futuhi: mtoto aliyepotea hujulikana, na wapendanao huruhusiwa kuoana. Ngũgĩ ameichukua nyenzo ileile na kuipindua, hivi kwamba utambuzi unaizuia arusi. Gatuĩria anabaki ameduwaa, hajui amfuate nani. Udhaifu wa mwisho huu haumo katika sadfa. Umo katika wepesi ambao Gatuĩria anaachwa bila uamuzi, kana kwamba tabaka limekwisha kuamua kwa niaba yake.

Jambo hili lina uzito kwa fasihi ya leo. Katika ukanda wa Thika na Ruiru, Mugutha ikiwamo, mashamba makubwa ya kahawa na katani yamekuwa yakigawanywa viwanja. Juja ina Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, kilichoanzishwa mwaka 1981 na kupata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 1994. Barabara kuu ya Thika ilikamilishwa mwaka 2012. Mazingira haya yanaweza kuzaa riwaya ya kuchekesha ya vijana wawili wenye kampuni hasimu za programu za simu, wanaochukiana mchana na kupendana usiku. Tanzu hiyo isidharauliwe. Lakini mtunzi wake atalazimika kujibu swali ambalo Shetani Msalabani iliuliza kupitia gereji ya Warĩĩnga: kiwanja wanachoshindania ni cha nani, na aliyekuwa akikilima alikwenda wapi? Swali hilo likifichwa, arusi ya mwisho itakuwa ya washindi peke yao.