Majabali ya Bariadi na Almasi ya Mwadui

Hadi ulipoundwa Mkoa wa Simiyu mwaka 2012, Bariadi, Maswa na Meatu zilihesabiwa katika Mkoa wa Shinyanga pamoja na Mwadui ya almasi. Na kwa kuwa mipaka ya serikali haiikati ardhi iliyo chini yake, mtu atakaye kuandika tarehe ya nchi ya Wanyantuzu, yaani Wasukuma wa Bariadi, hana budi kuanza na mawe kabla ya kufika kwenye ng'ombe na pamba.

Majabali ya graniti yaliyotapakaa huko Usukumani yana umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500. Ukivunja kipande chake ukakigeuza juani, utaziona chembe zake kwa macho matupu, nyeupe, za waridi na nyeusi, kila moja na uso wake unaometa. Nazo zilipata ukubwa huo kwa sababu uji wa moto uliozizaa ulipoa kwa taratibu mno, chini sana ya ardhi. Lau ungalipoa ghafla, chembe zingalikuwa ndogo mno, na mipaka baina yake ingalikuwa mingi isiyo na idadi.

Uhusiano huo wa mwendo wa kupoa na mipaka umechunguzwa pia na wanafizikia. Mwaka 1976 mwanachuoni Tom Kibble wa London, akitafakari jinsi ulimwengu ulivyopoa baada ya kuumbwa, alieleza kwamba kitu kinapogeuka hali, sehemu zake zilizo mbalimbali haziwahi kupeana habari, basi kila moja huchagua mpangilio wake, na zikutanapo hubaki ila. Mwaka 1985 Wojciech Zurek, huko Marekani, alionyesha kwamba jambo hilo laweza kupimwa hata katika vimiminika vya maabara, na kwamba kadiri mgeuko unavyoharakishwa ndivyo ila zinavyozidi. Ni mfano wa shamba la pamba linalolimwa na makundi mawili yaliyoanzia kingo mbili bila ya kuonana: kila kundi huyanyosha matuta yake vyema, walakini yakutanapo katikati hayaungani. Graniti haikugandishwa kwa njia ileile hasa aliyoieleza Kibble, lakini nayo huweka kumbukumbu ya mwendo wa kupoa kwake katika mipaka ya chembe zake.

Huko Mwadui haraka ilikuwa na baraka yake. Almasi huumbika kilomita zipatazo 150 na zaidi chini ya ardhi, katika mgandamizo mkubwa. Huku juu, kaboni hiyohiyo ingestahili kuwa grafiti, ile nyeusi ya kalamu za risasi. Yapata miaka milioni 50 iliyopita mwamba wa kimberliti ulifumuka kupitia tundu lililo kama bomba ukazipandisha almasi kwa muda mfupi mno, kiasi kwamba hazikuwahi kugeuka. Nazo zimebaki hivyo hata leo katika hali isiyo yao, maadamu baridi haiziachii nafasi ya kujipanga upya. Lau zingalipanda polepole, mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, aliyeligundua bomba la Mwadui mwaka 1940, yamkini angalikuta grafiti tupu.

Mwaka 1947 mgodi huo ulitoa jiwe la waridi la karati 54.5, ambalo Williamson alimtunukia Binti Mfalme Elizabeth kwa arusi yake. Likachongwa likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakaliweka katikati ya bruchi ya umbo la ua. Rangi ya almasi za namna hiyo haitokani na uchafu uliochanganyika nazo. Hutokana na ila: fuwele iligandamizwa ardhini hata tabaka za atomu zikateleza, na chini ya hadubini huonekana mistari myembamba iliyo sambamba, rangi ikiwa imekusanyika humo. Ila hiyo ni ya mkazo, wala si ya kupoa, na ni haki kuzitenga mbili hizo; lakini zote mbili ni kumbukumbu za mpangilio uliovunjika usipate wasaa wa kujirekebisha, na kwangu mimi kumbukumbu hizo ni nyaraka za kale kuliko zozote zilizomo katika ofisi za Bariadi, nazo zastahili kusomeshwa katika shule zake pamoja na habari za watemi na za vyama vya ushirika vya pamba.