Mwendo wa Sauti katika Filamu Zilizotafsiriwa za Kariakoo
Mwendo wa usemaji, yaani mgawanyo wa kasi, kituo na ukimya katika sauti ya msimulizi, umewasumbua watengenezaji wa filamu nchini tangu miaka ya 1935 hadi 1937, pale mradi wa sinema za elimu uliokuwa Vugiri, Usambara, ulipoweka maelezo kwenye santuri zilizopaswa kwenda sambamba na picha. Ufumbuzi wake bora zaidi ulipatikana Dar es Salaam, katika mikanda ya video iliyouzwa Kariakoo na kuoneshwa kwenye vibanda umiza, yaani kumbi ndogo za video za mitaani, ambako watafsiri kama marehemu Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, walisimulia filamu za kigeni huku sauti ya asili ikipunguzwa. Kwa kuwa msimulizi mmoja alibeba wahusika wote na kufafanua pia mila ngeni kwa watazamaji, alilazimika kufupisha majibizano, kuyaharakisha maelezo wakati mhusika anatembea tu, kisha kunyamaza ili mlio wa risasi au kilio cha mfiwa kisikike chenyewe. Na kunyamaza huko, kuliko maneno yoyote, ndiko kulikodai ustadi.